MFAHAMU MOHAMED AMIN, MPIGA PICHA ALIYEZIKASIRISHA SERIKALI



 Katika mwezi huu wa Ramadhan mara nyingi tunasoma sira za masahaba na wanazuoni wetu, na hilo ni jambo jema. Lakini leo nakuomba tukae kidogo na mtu wa karibu zaidi, mtoto wa Eastleigh, Nairobi. Hakuwa sheikh wala mwanasiasa. Alikuwa mpiga picha. Kamera yake ilimtia gerezani, ikawakasirisha wakubwa, ikawafikishia chakula watu waliokuwa wakifa kwa njaa, na ikamla mkono mmoja. Jina lake ni Mohamed Amin, na wenzake walimwita Mo.

KWA NINI SISI WA KAJIADO TUMSOME?

Huenda ukasema, sisi wa Kitengela na Kajiado tunahusika vipi na mambo ya wanahabari? Tunahusika, tena sana. Usiku wa tarehe 23 Oktoba 2022, mwanahabari wa Pakistan aitwaye Arshad Sharif aliuawa kwa risasi za polisi huko Kamukuru, upande wa barabara ya Magadi, ndani ya kaunti yetu hii. Alikuwa mtangazaji wa runinga aliyewakosoa wakubwa wa kwao, jeshi likiwemo. Alifunguliwa mashtaka ya uchochezi, akaikimbia nchi yake mwezi wa Agosti mwaka huo huo, na mwisho akafika Kenya.

Polisi wetu walisema walilifananisha gari alilokuwemo na gari lililoibiwa. Pakistan haikutosheka na maelezo hayo. Waziri mkuu wake alimpigia simu rais wetu, na wapelelezi wakatumwa kutoka kule kuja Nairobi. Tarehe 8 Julai 2024, Mahakama Kuu hapa Kajiado iliamua kwamba mauaji hayo yalikuwa kinyume cha sheria na ikaamuru fidia ya shilingi milioni 10.

Wengi tuliuliza: mtu anasema tu habari kwenye runinga, inakuwaje afuatwe na mashtaka, aihame nchi, na kifo chake kifanye serikali mbili zidaiane majibu? Kuna nini ndani ya habari hata wenye bunduki na ndege za kivita waiogope? Ukiyajua maisha ya Mohamed Amin, utaanza kupata jibu. Yeye aliyaonja haya tangu ujana wake, akiwa na umri kama wangu na wako.

KIJANA NA KAMERA YA MTUMBA

Mohamed Amin alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943, Eastleigh, katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Punjab. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Wakati huo sehemu ile ya Punjab ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na maelfu ya watu walikuwa wameshaivuka bahari kuja Afrika Mashariki kutafuta riziki kwenye reli na madukani. Mo alipokuwa bado mtoto, familia ilihamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikokulia na kusomea.

Akiwa mwanafunzi alinunua kamera ya mtumba aina ya Box Brownie. Ni kisanduku tu, chenye kioo mbele na kitufe pembeni. Hakikuwa na ujanja wowote. Lakini kijana akashikwa na mapenzi ya picha, akajifunza kusafisha filamu mwenyewe, akaanza kupiga picha za mambo ya shule na za mbio za magari za Safari, kisha akaziuza kwa magazeti. Hebu fikiria, msomaji wangu: mtoto wa shule anaingiza jina lake gazetini kwa kamera ambayo leo hata fundi wa simu pale Kitengela angeitupa.

Mwaka 1963, akiwa na miaka 20 tu, alifungua kampuni yake pale Dar es Salaam na kuiita Camerapix. Hakungoja kuajiriwa. Alijua kwamba Afrika Mashariki inakaribia kubadilika na kwamba dunia itataka kuyaona mabadiliko hayo. Na kweli, miezi michache baadaye mambo yalilipuka.

Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yalitokea Zanzibar. Wiki hiyo iliyofuata askari wa Tanganyika nao wakaasi kule Dar es Salaam. Mo alikuwa pale pale, kijana wa miaka 20, akikimbia na kamera begani huku waandishi wa Ulaya wakiwa bado wanatafuta ndege ya kuja. Tangu hapo mashirika makubwa ya habari ya nje yakaanza kumtegemea. Walijua kuna kijana mmoja Dar es Salaam ambaye ukimpigia simu, picha inafika.

ZANZIBAR 1966: PICHA ILIYOMPELEKA GEREZANI

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Ili ukielewe, lazima tuirudie kidogo siasa ya wakati ule.

Ujerumani ilikuwa imegawanyika mbili, ya Magharibi na ya Mashariki. Ile ya Magharibi ilikuwa na sharti gumu: nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki, yenyewe itavunja uhusiano nayo. Baada ya Mapinduzi, Zanzibar ilikuwa imewakaribisha Wajerumani wa Mashariki kwa mikono miwili, wakafungua ubalozi wao Unguja. Kisha tarehe 26 Aprili 1964 Zanzibar na Tanganyika zikaungana. Mwalimu Nyerere akajikuta na mgeni mmoja sebuleni ambaye mgeni mwingine hataki hata kumwona.

Alijaribu kuwaridhisha wote wawili. Haikuwezekana. Mapema mwaka 1965 aliruhusu Ujerumani Mashariki ibaki na ofisi ndogo ya ubalozi mdogo Dar es Salaam. Ujerumani Magharibi ikaghadhibika, ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Nyerere naye akaona hiyo ni dharau, akawaambia wachukue na misaada yao mingine yote. Na Januari ya mwaka huo huo Tanzania ilikuwa imewafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani kwa tuhuma za njama. Unaona jinsi moto ulivyokuwa ukiwaka? Tanzania ilikuwa ikisema haifungamani na upande wowote, na kila upande ulikuwa ukitafuta ushahidi wa kuisuta.

Katika moto huo ndimo alimoingia kijana Mo na kamera yake. Mwaka 1966 alipata picha za filamu za mafunzo ya kijeshi huko Zanzibar yaliyoongozwa na Warusi na Wajerumani wa Mashariki. Maneno ya jambo hilo yalikuwa yakisemwa siku nyingi, lakini neno unaweza kulikanusha. Balozi anaweza kusema ni uvumi na mambo yakaishia hapo. Picha inayotembea utaikanushaje? Pale ndipo ugumu ulipo. Picha zile zikitoka nje, serikali nzima inabaki haina pa kujificha.

Basi alikamatwa Unguja. Alifungwa katika gereza la Kiinua Miguu karibu mwezi mzima, akateswa, kisha akafukuzwa Tanzania na kurudishwa Kenya alikozaliwa. Alikuwa bado kijana. Kampuni aliyoijenga Dar es Salaam, nyumba aliyokulia, marafiki aliosoma nao, vyote akaviacha nyuma kwa siku moja.

Hapa, ndugu msomaji, nataka tuwe waadilifu. Kuna watu, hata leo, watakaokuambia kwamba Mo alikosea, kwamba aliuza siri za nchi ya Kiafrika changa kwa runinga za wakubwa waliokuwa wakiitafutia makosa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mapicha yale yalikuwa silaha mikononi mwa wengine, naye hakuwa na uwezo wa kuamua watayatumia vipi. Lakini upande wa pili nao una haki ya kuuliza: Je, wananchi wa Unguja hawakuwa na haki ya kujua ni nani anayewafundisha askari wao? Na kama jambo lilikuwa la halali, kwa nini aliyelionyesha ateswe? Kama serikali ilikuwa na jibu, ingelitoa hadharani. Kumpiga mtu gerezani si jibu.

NAIROBI, MBOYA NA MIAKA YA MOTO

Mo alianza upya Nairobi. Aliisimamisha tena Camerapix, akaoa, akapata mtoto mmoja wa kiume, Salim, mwaka 1970.

Lakini kabla ya hapo, Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, waziri Tom Mboya alipigwa risasi akitoka kwenye duka la dawa katika barabara ya Government, ambayo siku hizi tunaiita Moi Avenue. Mo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Alizipiga picha za dakika zile za mwisho, watu wakihangaika kumwokoa Mboya. Picha hizo zilizunguka dunia, na kwa kazi yake ya mwaka huo akapewa tuzo Uingereza ya mpiga filamu bora wa mwaka.

Uganda napo alikuwepo. Idi Amin alipopindua serikali mwaka 1971, alipowafukuza Waasia mwaka 1972, Mo aliendelea kuingia na kutoka Kampala, yeye mwenyewe akiwa wa asili ile ile iliyokuwa ikifukuzwa. Idi Amin alipoangushwa na kutokomea, dunia ikauliza yuko wapi. Mwaka 1980 Mo na mwandishi wa BBC Brian Barron walimkuta Jeddah, Saudi Arabia, wakamhoji mbele ya kamera.

Na ukiacha vita na mapinduzi, kulikuwa na safari nyingine iliyomgusa kwa namna yake. Makka haiingii asiye Mwislamu, kwa hiyo kwa miaka mingi dunia ilikuwa haioni hija isipokuwa kwa mbali. Mo alikwenda na kamera zake, na mwaka 1978 kikatoka kitabu kikubwa cha picha za hija. Kwa familia nyingi ambazo hazikuwa na uwezo wa nauli, kurasa zile zilikuwa ndiyo njia ya kuiona Kaaba kwa rangi, na mahujaji wakiwa wamejaa Arafa kama mchanga.

Hata sisi wa Kajiado hatukuachwa. Mwaka 1987 yeye na wenzake walitoa kitabu cha picha kuhusu Wamaasai, majirani zetu na wenyeji wa ardhi hii tunayoikanyaga. Kabla ya hapo alikuwa amezunguka Ziwa Turkana, na amefanya vitabu vya reli na vya nchi mbalimbali, Pakistan ya wazee wake ikiwemo. Mtu huyu hakujua kupumzika.

ETHIOPIA 1984: NJAA ILIYOFICHWA

Kazi iliyomfanya ajulikane kila pembe ya dunia ni ya Ethiopia, na tena ni kisa cha habari na serikali.

Septemba 1984 serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa ikisherehekea miaka kumi ya mapinduzi yake. Addis Ababa ilipambwa, mabango yakatundikwa, wageni wakaalikwa. Huku kaskazini, Tigray na Wollo, mvua ilikuwa imekataa, vita vilikuwa vinaendelea, na watu walikuwa wakifa kwa njaa. Wanahabari walinyimwa vibali vya kwenda kule. Serikali za Magharibi nazo hazikuwa na haraka, maana Mengistu alikuwa rafiki wa Urusi. Kwa ufupi, mwenye nyumba alikuwa anaficha na jirani hakutaka kujua.

Mo alikuwa na kipaji ambacho hakifundishwi chuoni: alijua kuzungumza na watu wenye mihuri. Alihangaika na ofisi za Addis Ababa hadi vibali vikapatikana, akaruka kaskazini pamoja na mwandishi wa BBC Michael Buerk. Walipofika Korem alfajiri, walikuta uwanda mzima umejaa watu. Baridi ya milimani, ukungu, na maelfu ya familia zimejikunyata chini bila ya chochote. Usiku ule, kama usiku mwingine wowote pale, wengi walikuwa wamekufa, na maiti zilikuwa zimepangwa zikisubiri kuzikwa.

Filamu ile ilionyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984. Kisha ikachukuliwa na zaidi ya vituo 400 vya runinga ulimwenguni. Kilichofuata wazee wetu wanakikumbuka. Wanamuziki wa Uingereza walirekodi wimbo wa kuchangisha mwaka huo huo, wa Marekani wakafuata mapema mwaka 1985, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika yale matamasha mawili makubwa, London na Philadelphia, yaliyotazamwa duniani kote.

Serikali zilizokuwa zimelala ziliamka. Ndege za jeshi la Uingereza zilipeleka chakula. Warusi nao walileta zao. Na sasa sikiliza maajabu haya: Wajerumani wa Magharibi na Wajerumani wa Mashariki, wale wale waliogombana kwa ajili ya Dar es Salaam mwaka 1965, walirusha ndege za nafaka katika operesheni moja huko Ethiopia. Kamera ya kijana aliyefungwa Unguja kwa ajili ya ugomvi wao ndiyo iliyowakutanisha. Subhanallah.

Pamoja na hayo, mamia ya maelfu ya watu walikufa katika njaa ile. Na hapa pia kuna lawama ambazo hatutazificha. Wapo waliosema kwamba picha zile zilimfanya Mwafrika aonekane duniani kama mtu wa kunyoosha mkono tu, na kwamba vita na siasa zilizoleta njaa hazikuelezwa vya kutosha. Serikali ya Mengistu nayo iliwahamisha watu kwa nguvu kutoka kaskazini wakati misaada ikimiminika. Picha iliamsha huruma haraka sana, lakini huruma peke yake haikuuliza maswali yote.

Na yule mama wa Korem aliyekaa chini na mtoto mikononi? Dunia nzima ilimwona. Jina lake hatukuambiwa.

MKONO MMOJA

Mei 1991 Mengistu alikimbia na waasi wakaingia Addis Ababa. Mo alikuwepo, kama kawaida. Tarehe 4 Juni ghala la silaha lililipuka mjini. Alikuwa akipiga picha za moto huo ulipotokea mlipuko mwingine mkubwa. Mwenzake wa Kenya aliyekuwa akirekodi sauti, John Mathai, alifariki papo hapo. Mo aliokolewa, lakini mkono wake wa kushoto ulikatwa.

Mpiga picha bila ya mkono ni kama fundi cherehani bila ya vidole. Watu walidhani amekwisha. Kumbe hapana. Alikwenda Marekani akatengenezewa mkono wa bandia ambao aliutumia kushikia kamera, na baada ya miezi michache alikuwa kazini tena.

SAFARI YA MWISHO

Jumamosi tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kurudi nyumbani Nairobi, pamoja na mwandishi mwenzake wa miaka mingi, Brian Tetley. Ndege ilikuwa na watu 175. Njiani vijana watatu waliiteka, wakamwamuru rubani awapeleke Australia. Rubani, Leul Abate, aliwaeleza kwamba mafuta hayafiki. Hawakumwamini.

Mafuta yakaisha juu ya bahari, karibu na Ngazija. Inasemekana Mo alisimama akazungumza na watekaji na kuwahimiza abiria wenzake wasikae tu. Ndege ilianguka majini karibu na ufuo wa kaskazini mwa Ngazija, mbele ya hoteli ya Galawa. Wangazija, ndugu zetu, waliingia baharini kwa mashua zao na wageni wa hoteli wakasaidiana nao kuwatoa walionusurika. Watu 125 walikufa, watekaji wakiwemo, na 50 wakaokoka. Mo hakuwa miongoni mwao. Alikuwa na umri wa miaka 53. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu msomaji, nimekusimulia haya nikijua kwamba wewe pia una kamera. Iko mfukoni mwako, na inapita mbali sana ile Box Brownie ya Mo. Ajali ikitokea barabara ya Namanga, kabla ya majeruhi kutolewa kwenye matatu, picha zake zimeshafika kwenye magrupu ya WhatsApp. Kwa hiyo mambo ya Mohamed Amin si ya waandishi peke yao.

La kwanza, picha ni shahada. Dini yetu imetukataza kuificha shahada, na katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa tuihakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Maagizo haya mawili yanakwenda pamoja. Kuna anayeona dhulma akanyamaza, na kuna anayetuma kila kinachoingia kwenye simu yake bila ya kuuliza kimetoka wapi. Wote wawili wameivunja amana moja. Mo alipigwa Unguja, lakini uzito wa picha zake ulikuwa huu tu: yale aliyoyaonyesha yalikuwepo. Angekuwa amezitengeneza, serikali ingemcheka na kumwacha aende zake.

La pili, anayeonekana kwenye picha naye ni mtu. Ana haki zake, ana watoto na ana sitara. Ukimpiga picha mtu aliyelala damuni, jiulize: picha hii itamfaa yeye au itanifaa mimi? Ikiwa itamletea msaada au haki, ni shahada. Ikiwa ni ya kuhesabu walioitazama tu, iache. Wapewa futari nao wamo humu. Tumezoea kila Ramadhan kuwapanga mayatima na wajane na mifuko ya unga mbele ya kamera. Tuliangalie hili tena, tafadhali.

La tatu ni la wazazi na watoto. Salim, mwanawe Mo, alishiriki kutengeneza filamu kuhusu baba yake iliyotoka mwaka 2006, miaka kumi baada ya msiba. Ndani yake kuna fahari kubwa ya baba shujaa, na kuna pia uchungu wa mtoto ambaye baba yake alikuwa akijulikana na dunia nzima huku nyumbani haonekani. Kazi njema haifuti haki ya nyumba. Sisi tunaotoka Kitengela alfajiri kwenda Nairobi na kurudi watoto wamelala, somo hili linatuhusu hata kama hatujawahi kushika kamera.

Na la mwisho ni kuhusu wenye mamlaka. Kuanzia Kiinua Miguu mwaka 1966 hadi Kamukuru mwaka 2022, kuna jambo moja linalojirudia: mwenye kusema habari anaumizwa, kisha serikali zinaandikiana barua. Barua hazimrudishi aliyekwenda. Ndiyo maana uamuzi ule wa mahakama hapa Kajiado una thamani kwetu. Mgeni aliyefia kwenye ardhi yetu, Mwislamu wa mbali asiye na kabila wala kura hapa, alipatiwa hukumu na jaji wa Kenya dhidi ya polisi wa Kenya. Haki ya mgeni ni deni la mwenyeji. Sisi wenyeji tuna wajibu wa kulikumbuka deni hilo, na tusizoee kusikia milio ya risasi barabarani tukasema hayatuhusu.

Tumwombe Allah (S.W.) amrehemu Mohamed Amin na amsamehe makosa yake, awarehemu na wote waliofariki wakiifuata kweli, na azipokee saumu zetu na visimamo vyetu vya usiku. Na wewe kijana, ukimaliza kufuturu leo, kabla ya kubonyeza kutuma, mkumbuke yule mama wa Korem ambaye jina lake hatukuambiwa.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.